Hisabati au Sayansi ya Kompyuta? Dirisha la KUCCPS linakaribia kufungwa, nisaidieni

Machungwa_Kibuye (mwenye uzi)

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Mimi ni msichana wa Nyalenda hapa Kisumu. Nimemaliza kidato cha nne na KCSE imenipa A ya Hisabati, A- ya Fizikia na B+ ya wastani. Fomu ya KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi kozi na vyuo, nimeijaza mara tatu na kuifuta mara tatu. Nimekwama hapa: chaguo la kwanza niweke Hisabati au Sayansi ya Kompyuta?

Mama anauza machungwa soko la Kibuye na amenilea peke yake kwa machungwa hayo. Anataka kompyuta. Anasema, "Mwanangu, mtu wa kompyuta namjua, yuko pale anatengeneza. Mtu wa hisabati anakaa wapi?" Sikuwa na jibu.

Lakini kuna jambo linanizuia kuiacha hisabati hivihivi. Tangu nikiwa darasa la tano namsaidia mama Jumapili kupanga rundo la machungwa. Tunapanga pembetatu: juu kabisa moja, chini yake matatu, kisha sita, kisha kumi. Rundo la safu nne ni machungwa 20, la safu tano ni 35. Nikiwa kidato cha pili nilijiuliza kama naweza kujua idadi yake bila kuyahesabu. Nilihangaika karibu wiki tatu nyuma ya daftari la Jiografia, mpaka siku moja ikaja: chukua idadi ya safu, zidisha kwa namba inayofuata, zidisha tena kwa inayofuata, kisha gawanya kwa 6. Safu kumi ni 10 × 11 × 12 ÷ 6, yaani 220. Nilimwonyesha mama. Akapanga safu sita, akahesabu moja moja akiweka kwenye kikapu, akapata 56 kama nilivyomwambia. Aliniangalia kitambo bila kusema neno. Siku ile siisahau.

Kompyuta nayo naipenda. Shuleni tulikuwa wanne kwa mashine moja, kwa hiyo nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kidogo kwa simu. Ila sijui kama naipenda yenyewe au napenda kusikia kwamba inalisha watu.

Naomba kusikia kwa waliosoma mojawapo. Mko wapi sasa? Na ni kweli mwenye digrii ya hisabati mwisho wake ni kufundisha tu?

Mjomba_Ahero

Weka kompyuta. Hisabati ni ualimu, na walimu waliohitimu wamejaa vijijini wakingoja TSC, tume ya kuajiri walimu. Mama yako amesema kweli, msikilize.

Njoro_Kwetu

Karibu dadangu, na hongera kwa A hiyo.

Mimi nilisoma Sayansi ya Kompyuta, na sasa niko Nakuru naandika programu za vyama vya akiba na mikopo. Nikueleze jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu: Sayansi ya Kompyuta si kozi ya kujua kutumia kompyuta, na wala haiishii kwenye kuandika programu. Muhula wa kwanza tulikutana na mantiki, seti, mahusiano na uthibitisho. Wengi darasani walikuja wakidhani watatengeneza tovuti kuanzia wiki ya pili. Walipoona ubao umejaa alama, wengine walihama kozi.

Chukua mfano wa kazi yangu ya kila siku. Una daftari la wanachama 1,000,000 lililopangwa kwa namba zao, na unamtafuta mmoja. Ukianza juu kwenda chini unaweza kupita wote milioni. Ukifungua katikati, ukauliza yuko upande huu au ule, ukatupa nusu, kisha ukafungua katikati ya nusu iliyobaki, utampata kwa hatua zisizozidi 20. Kwa sababu 2 ukiizidisha yenyewe mara ishirini inapita milioni. Kuandika hatua hizo ni dakika chache. Kujua kwa yakini kwamba hazitazidi 20, hata mwanachama akiwa wa mwisho, hiyo ni hisabati, na ndiyo niliyofundishwa.

Hata chimbuko la fani lenyewe liko huko. Alan Turing aliandika juu ya mashine ya kukokotoa mwaka 1936, kabla kompyuta za kielektroniki hazijakuwepo. Alikuwa mwanahisabati aliyekuwa anajibu swali la hisabati. Katika andiko hilohilo alithibitisha kwamba kuna maswali ambayo hakuna mashine itakayoweza kuyajibu daima, hata iwe na kasi ya namna gani. Nilipoelewa uthibitisho ule nilikuwa mwaka wa tatu, chumbani, stima imepotea, na mshumaa umebaki kidole kimoja. Nilitoka nje nikatembea.

Ushauri wangu ni kompyuta. Mifumo endeshi, mitandao, hifadhidata, jinsi kichakataji kinavyofanya kazi: haya ukiyakosa chuoni ni nadra sana uyarudie ukubwani. Na ukienda huko, panga laptopu mapema kuliko nguo na godoro. Mimi sikuwa nayo mpaka mwaka wa tatu. Maabara ya chuo changu ilikuwa na mashine chache mno, na nyingi zilikuwa mbovu, kwa hiyo programu za miaka miwili niliandika kwa kalamu kwenye karatasi nikisubiri zamu. Usikubali yakupate.

Mwalimu_Kakamega

Binti, salamu kutoka Kakamega. Nimefundisha Hisabati sekondari kwa miaka mingi, na nataka kwanza kurekebisha aliyosema ndugu wa Ahero, kwa heshima zote.

Shahada ya sayansi ya Hisabati si shahada ya ualimu. Mwalimu wa sekondari anayetaka kusajiliwa na TSC husoma shahada ya elimu yenye masomo mawili ya kufundishia. Aliyesoma shahada ya sayansi lazima awe na masomo hayo mawili na aongeze diploma ya elimu ya baada ya shahada. Kwa hiyo anayechukua Hisabati tupu akidhani ameshika njia fupi ya kufundisha amepotea. Na anayeikimbia akiogopa kufanywa mwalimu naye amekimbia kitu ambacho hakipo.

Jambo la pili ni hilo la A yako. KCSE inakupa karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, na ya pili unachagua matano kati ya manane. Mtihani huo unapima kasi, uangalifu na mazoezi. Umeufaulu, ni jambo kubwa. Lakini chuo kikuu, baada ya kalkulasi ya mwaka wa kwanza, hisabati inabadilika sura. Hutaulizwa tena "tafuta x". Utaulizwa "onyesha kwamba x ipo", kisha "onyesha kwamba ni moja tu". Nimewaona wanafunzi wangu wenye A safi wakirudi likizo ya kwanza wamekata tamaa, kwa sababu walizipenda hesabu na hawakuwahi kukutana na uthibitisho.

Ndiyo maana rundo lako la machungwa limenifurahisha kuliko A yako. Hukutumwa na mtu wala hukuahidiwa maksi. Sasa nikuulize kama ningekuuliza darasani: kanuni hiyo umeijaribu kwa safu nne, tano, sita. Unajuaje itakuwa kweli kwa safu 1,000? Nani atapanga? Jaribu kuithibitisha, kisha urudi hapa utuambie ulijisikiaje ulipokuwa umekwama. Namna ulivyojisikia ndani ya kukwama itakusaidia kuchagua kuliko maoni yetu sote.

Kuhusu KUCCPS: usiangalie wastani peke yake. Angalia alama za kundi la masomo, ambazo upeo wake ni 48, na alama za mwisho walizoingia nazo wa mwaka jana katika kozi na chuo unachotaka. Kuhama kozi baadaye kunawezekana, ila usiingie kozi usiyoitaka kwa kutegemea kuhama.

Machungwa_Kibuye

Asante sana Mwalimu. Nimeinakili kanuni kwenye daftari jipya na ninaanza usiku huu. Njoro_Kwetu, mambo ya laptopu yamenishtua. Nitazungumza na mama.

Baba_wa_Watatu

Mimi ni mzazi, naongea ya mfukoni. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unagawa gharama kati ya ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, na kile anachotoa mzazi, kulingana na hali ya nyumbani. Gharama za kozi mbili katika chuo kimoja zinaweza kutofautiana. Kabla hujabonyeza, kaa na mama, andikeni kwenye karatasi karo ya kila kozi, chumba, chakula, na hiyo laptopu. Usiseme uongo kwenye fomu ya HELB na usione haya kusema hali ilivyo. Mama anayeuza machungwa sokoni hana cha kuficha.

Takwimu_Kisian

Nimesoma uzi huu nikiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani na nimeshuka kituo kimoja mbele kwa sababu yako, mdogo wangu. Mimi ndiye yule ambaye mama yako anauliza anakaa wapi.

Nilisoma Hisabati. Nitakwambia na machungu yake.

Miaka minne nilisoma uchanganuzi, aljebra, milinganyo ya mabadiliko, uwezekano, takwimu. Nilipomaliza nilikuwa sijawahi kuandika mstari mmoja wa programu, kwa sababu kozi yangu haikudai na mimi sikujua kuuliza. Nilitembea na vyeti karibu miaka miwili. Nilifundisha shule moja kwa mkataba wa bodi, malipo yakija mwezi huu na kukosekana miwili. Nilifika mahali pa kuilaumu hisabati. Kisha rafiki aliyekuwa anafanya uzamili akanipa faili la data ya wagonjwa wa malaria, akaniambia, "Hebu niambie hapa kuna nini." Nilijifunza R, lugha ya programu ya kuchambua data, ndani ya miezi michache, usiku, kwa laptopu ya kuazima. Nilichokuta ni kwamba lugha ile ilikuwa nyepesi. Kilichokuwa kizito, yaani kujua namba hizi zinaruhusu kusema nini na haziruhusu kusema nini, nilikuwa nacho tayari.

Leo nafanya kazi ya takwimu katika utafiti wa malaria upande huu wetu. Kisian pale, kilomita chache nje ya mji, kuna kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, na kazi ya namna hii inahitaji watu wa kupanga sampuli, kusafisha data, kupima kama tofauti iliyoonekana ni ya kweli au ni bahati. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipoanza kutolewa kwa majaribio magharibi mwa Kenya mwaka 2019, nyuma ya kila sindano kulikuwa na daftari, na nyuma ya daftari kulikuwa na mtu wa hesabu.

Na hili si jipya. Ronald Ross, aliyegundua mwaka 1897 kwamba mbu ndiye anayebeba vimelea vya malaria na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, alikaa baadaye akaandika milinganyo. Watu walikuwa wanasema haina maana kupigana na mbu kwa kuwa huwezi kumaliza mbu wote. Yeye akaonyesha kwa hesabu kwamba si lazima uwamalize. Ukiwapunguza chini ya kiwango fulani, kila mgonjwa anaambukiza chini ya mgonjwa mmoja mpya, na ugonjwa unafifia wenyewe. Mimi nimezaliwa karibu na ziwa, nimezika ndugu kwa malaria. Nilipoisoma milinganyo ile ya Ross nilijua kwa nini nilisoma hisabati, ingawa nilijua kwa kuchelewa.

Ninachoamini ni hiki. Kuandika programu mtu anaweza kujifunza baadaye, akiwa na mashine na njaa ya kujua. Uthibitisho na uwezekano, ni wachache sana wanaorudi kuvisoma peke yao usiku baada ya kazi. Vinahitaji mwalimu ubaoni, wenzako wa kubishana nao, na miaka ya kukosea. Chukua kile kigumu ukiwa bado na walimu. Lakini, na hii lakini iandike kwa kalamu nyekundu, usipitishe muhula hata mmoja wa Hisabati bila kuandika programu. Mimi nilipitisha minane.

Njoro_Kwetu

Takwimu_Kisian, nimekuelewa na pole kwa miaka ile miwili. Lakini hapo kwa "mtu anaweza kujifunza baadaye" sikubaliani nawe kabisa. Ulijifunza R ya kuchambua data, na ni kazi ya maana. Si sawa na kujenga mfumo ambao watu 5,000 wanatoa pesa kwa wakati mmoja na hakuna shilingi inayopotea wala kuhesabiwa mara mbili. Mimi nimeona mifumo iliyojengwa na waliojifunza peke yao ikianguka siku ya mishahara. Hawakuwa wajinga. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba watu wawili wakigusa akaunti moja kwa sekunde moja, mmoja lazima asubiri.

Takwimu_Kisian

Hapo nakubali. Sikusema ajenge benki. Lakini kumbuka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls, wakiwa bado sekondari, walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji, wakafika fainali za Technovation, mashindano ya wasichana ya kutengeneza programu, kule Marekani. Hakuna aliyekuwa na digrii.

Njoro_Kwetu

Nakumbuka, na nilijivunia sana. Lakini walikuwa na waelekezi, na walikuwa watano. Dada huyu yuko na simu, na yuko peke yake. Tunapomwambia "utajifunza mwenyewe" tumpe pia mashine, stima na mtu wa kumwuliza.

Takwimu_Kisian

Hilo ni kweli, sina la kuongeza.

Mdau_Bungoma

Mbona hamzungumzii akili unde (AI)? Siku hizi unaiambia ikuandikie programu na inaandika. Hiyo digrii ya kompyuta akimaliza baada ya miaka minne itakuwa na kazi gani?

Njoro_Kwetu

Naitumia kila siku. Inaniandikia haraka, na mara kwa mara inaniandikia kitu kizuri kwa macho ambacho ni makosa. Wiki iliyopita iliniletea hesabu ya riba iliyokuwa sawa kwa miezi yote isipokuwa Februari. Niliona kwa sababu najua riba inavyopaswa kwenda. Anayejua kuandika tu ana sababu ya kuwa na wasiwasi. Anayejua kwa nini kitu ni sahihi bado anatafutwa. Na humo ndani yenyewe hakuna uchawi: ni matriksi kubwa, uwezekano na kalkulasi. Zile matriksi za kidato cha tatu mlizoziona hazina kazi, ndizo hizo, zimekuwa kubwa tu.

Ikweta_Maseno

Nafundisha chuo kikuu, na mstari wa ikweta unapita karibu na hapa nilipo. Sitamwambia binti achague nini, ila nina habari yake kuhusu machungwa.

Mwaka 1611 Johannes Kepler, yuleyule wa sayari, aliandika kwamba hakuna namna ya kupanga mipira inayojaza nafasi vizuri kuliko ile ya rundo la sokoni, kila mpira ukikaa kwenye kishimo kati ya mitatu ya chini. Mpango huo unajaza takriban asilimia 74 ya nafasi. Wauza matunda wote duniani walikuwa wanaujua kwa mikono. Lakini kuuthibitisha? Karne zilipita. Mwaka 1998 Thomas Hales wa Marekani alitangaza kwamba amemaliza. Uthibitisho wake ulikuwa na mamia ya kurasa, pamoja na programu za kompyuta zilizokagua maelfu ya hali moja baada ya nyingine. Jopo la wahakiki 12 lilikaa nao miaka, kisha likasema lina uhakika wa asilimia 99, kwa maana haliwezi kukagua kila hesabu iliyofanywa na mashine.

Hales hakuridhika na asilimia 99. Yeye na wenzake wakaanza kazi nyingine: kuandika uthibitisho mzima katika lugha ambayo kompyuta inaweza kukagua hatua kwa hatua, mpaka kwenye misingi ya mantiki. Walimaliza mwaka 2014. Niambieni kazi ile ilikuwa ya idara gani. Mimi nimekaa na swali hilo miaka, na kila ninapoona vijana wakiambiwa "chagua huku au kule" nalikumbuka.

Na kwa kuwa wewe ni msichana, nikuongezee. Mwaka 2016 Maryna Viazovska wa Ukraine alilimaliza swali hilohilo la kupanga mipira, lakini katika vipimo vinane badala ya vitatu. Hakutumia kompyuta kubwa, kurasa zake ni chache na ni nzuri ajabu. Mwaka 2022 alipewa medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwanamke wa pili kuipata baada ya Maryam Mirzakhani wa Iran mwaka 2014. Mipango ya mipira katika vipimo vingi ina undugu na namna tunavyotuma ujumbe ili ukipata kelele njiani uweze kurekebishwa. Simu yako inategemea hisabati ya namna hiyo.

Sasa ya vitendo. Jina la digrii lisikutishe, tazama orodha ya yuniti. Kuna kozi zinazounganisha Hisabati na Sayansi ya Kompyuta tangu mwaka wa kwanza, chuo kikuu cha JKUAT wanayo, na kwetu Maseno shahada kadhaa za hisabati zimefungwa pamoja na teknolojia ya habari. Fungua tovuti za Maseno, Masinde Muliro, Jaramogi, Kibabii na Egerton. Chukua kalamu, uhesabu: yuniti ngapi za uthibitisho, ngapi za programu, ngapi za takwimu. Kama kuna kozi ya Hisabati isiyo na yuniti hata moja ya kuandika programu, iruke. Kama kuna kozi ya kompyuta inayogusa hisabati mwaka wa kwanza tu halafu basi, iruke pia.

Ukitaka kuonja kabla ya kuamua, ulizia kambi ya hisabati ya wanafunzi wa sekondari iliyoanzia Maseno mwaka 2011. Na ukifika mwisho wa shahada ukiwa bado na kiu, kuna taasisi ya AIMS, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na sasa ina vituo katika nchi nyingine kama Rwanda na Ghana. Hufadhili uzamili wa sayansi za hisabati kwa vijana wa Afrika.

Mjomba_Ahero

Mwalimu wa Maseno, mimi nilisema hisabati ni ualimu bila kujua haya. Nina kijana wa kidato cha tatu anayependa hesabu, na nimekuwa nikimkataza. Nitakaa naye jioni.

Machungwa_Kibuye

Wakubwa, nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku tatu.

Kwanza orodha za yuniti. Nilienda saiba nikachapisha za vyuo vitano, nikakaa na mama juu ya mkeka na kalamu mbili za rangi. Uthibitisho na hisabati bluu, programu nyekundu. Mama hasomi Kiingereza sana ila rangi anaziona. Kozi mbili zilikuwa nyekundu tupu kuanzia mwaka wa pili. Moja ilikuwa bluu mwanzo hadi mwisho bila hata doa jekundu, nikamkumbuka Takwimu_Kisian. Ile ya kuunganisha ilikuwa imechanganyika kama kitenge. Mama akaweka kidole pale, akasema, "Hii."

Nikamsomea pia habari ya Kepler na rundo la sokoni. Aliniuliza miaka mingapi imepita tangu huyo mtu aandike. Nikamwambia zaidi ya 400. Akanyamaza, kisha akasema mamake alimfundisha kupanga hivyo, na mamake alifundishwa na shangazi yake.

Kwa hiyo chaguo la kwanza nimeweka Hisabati na Sayansi ya Kompyuta kwa pamoja. La pili ni Hisabati, katika chuo ambacho orodha yake ina yuniti tatu za programu. La tatu ni Sayansi ya Kompyuta. Njoro_Kwetu, mama na mjomba wameanza kuweka pesa ya laptopu iliyotumika. Baba_wa_Watatu, fomu ya HELB tutajaza vile hali ilivyo.

Mwalimu, uliniuliza nitajisikiaje nikikwama. Nimekwama siku mbili. Nilikasirika, nikalala na kanuni kichwani, nikaamka nayo, nikachoma chapati moja nikiwaza. Lakini sikutaka mtu anipe jibu. Dada yangu alitaka kulitafuta kwenye intaneti nikamnyang'anya simu.

Nimefika hapa. Kwa safu moja ni kweli: 1 × 2 × 3 ÷ 6 ni 1. Sasa nachukulia ni kweli kwa safu n, nataka kuonyesha ni kweli kwa safu n + 1. Nikiongeza safu moja chini naongeza machungwa (n + 1)(n + 2) ÷ 2. Nikijumlisha na kanuni ya mwanzo napata kitu kirefu. Nikifungua mabano yote kinazidi kuwa kirefu. Naomba uniambie kama njia ni sahihi, jibu usinipe.

Mwalimu_Kakamega

Njia ni sahihi kabisa, binti. Usifungue mabano. Angalia vipande viwili ulivyojumlisha, utafute kilichomo katika vyote viwili, ukitoe nje.

Machungwa_Kibuye

(n + 1)(n + 2) ÷ 2 imo kote kote.

Mwalimu_Kakamega

Ndani ya mabano kumebaki nini?

Machungwa_Kibuye

n ÷ 3, na 1. Yaani (n + 3) ÷ 3. Ikizidishwa na ile ya nje inakuwa (n + 1)(n + 2)(n + 3) ÷ 6.

Mwalimu, ni ileile kanuni, imesogea hatua moja. Safu 1,000 imo. Zote zimo.